Tutembee Kwetu Kwanza: Milima, Mbuga na Kambi za Kajiado

Mazungumzo na wakazi wa Kitengela

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu mahali pa kutembea, kupanda mlima na kupiga kambi. Wengi wetu hapa Kitengela tulihamia kutoka kaunti nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 154,000 katika mji huu. Shule zikifungwa, familia hupanga safari ya Naivasha, Nanyuki au Mombasa. Safari hizo ni nzuri, lakini zina gharama, na nyumba nyingi huamua kukaa tu. Watoto wanamaliza likizo mbele ya televisheni huku milima ya Ngong ikionekana kutoka kwenye roshani.

Leo nitawapitisha katika sehemu sita, zote ndani ya Kajiado au mpakani mwake. Nitaeleza kila moja ina nini, inafikiwaje, na mgeni ajihadhari na nini. Mwishoni nitasema jambo moja linalotuhusu sisi wenye ploti, kwa sababu sehemu hizi zitabaki wazi au zitafungwa kutegemea yale tunayofanya kwenye ardhi iliyo kando yake.

Nianze na iliyo karibu kabisa. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, na ndiyo ya kwanza kutangazwa nchini Kenya. Ukubwa wake ni kilomita mraba 117. Iko katika Kaunti ya Nairobi, lakini mpaka wake wa kusini ni Mto Mbagathi, ambao wazee wanauita Empakasi, na ng'ambo ya mto huo ni huku kwetu. Mbuga ina ua pande tatu. Upande wa kusini umeachwa wazi ili wanyama waingie na kutoka. Mkazi wa Kitengela anaweza kuingia kupitia lango la Cheetah, upande wa Athi River, bila kukanyaga katikati ya jiji.

Mbuga hii ina simba, nyati na vifaru, kwa hivyo hairuhusiwi kutembea kwa miguu ovyo. Unashuka garini mahali palipotengwa tu. Kuna sehemu za kula chakula mlichobeba, na kwenye mabwawa ya viboko kuna njia fupi ya kutembea mkiongozana na askari wa wanyamapori. Wapelekeni watoto pia mahali pembe za ndovu zilipochomwa. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12, na mwaka 2016 Rais Kenyatta akachoma tani 105. Mtoto akisimama mbele ya majivu yale anaelewa ujangili kuliko akisomewa kitabuni.

Upande wetu wa mto ipo hifadhi ya jamii ya Naretunoi, kwenye ardhi ya familia za Kimaasai zilizokubali kuacha mashamba yao bila ua. Huko matembezi hufanywa kwa mpango na jamii yenyewe, mkiwa na kiongozi wa pale. Usiende kwa kuruka mto ukidhani ni ardhi isiyo na mwenyewe.

Sehemu ya pili ni milima ya Ngong. Kilele chake cha juu, Lamwia, kina mita 2,460. Kutoka Kitengela huna haja ya kupitia Nairobi. Shika barabara ya Namanga hadi Isinya, kata kulia uelekee Kiserian, kisha upande hadi mji wa Ngong. Msitu huo uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na kiingilio hulipwa langoni, juu ya mji.

Matembezi huanzia kwenye vinu vya umeme wa upepo. Vya kwanza viliwekwa mwaka 1993, na leo mitambo ya KenGen pale inaweza kutoa megawati 25.5. Kutoka hapo njia hupanda na kushuka vilima kimoja baada ya kingine mpaka Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi. Mtembezi wa kawaida atachukua saa nne au tano. Upande mmoja unaona jiji la Nairobi, na upande wa pili ardhi inaporomoka kwenda Bonde la Ufa.

Pale kuna mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, ombeni askari wa msitu langoni awasindikize, na mwende kikundi. Kumekuwa na visa vya wizi kwenye vilima vya mbali, na wakati mwingine kuna nyati kwenye vichaka. La pili, ukungu na upepo huja ghafla, kwa hivyo bebeni sweta hata kama Kitengela kuna jua. La tatu, pangeni mapema gari litakalowachukua Kona Baridi. Watu wengi hufika mwisho wamechoka, halafu wanaanza kurudi kwa miguu giza likiingia.

Sehemu ya tatu ni Olorgesailie, kwenye barabara hiyo hiyo ya Magadi, kama kilomita 70 kutoka Nairobi. Hapo ni chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 1943 Mary na Louis Leakey walianza kuchimba hapo na kukuta mashoka ya mawe, mamia kwa mamia, yamelala juu ya ardhi. Mengi bado yako pale pale yalipopatikana, na mgeni huyatazama kutoka kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa juu yake. Mawe hayo yalichongwa na viumbe waliotutangulia, kwa muda wa mamia ya maelfu ya miaka.

Mwaka 2018 watafiti walitangaza jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa Kajiado alijue. Katika tabaka lenye umri wa kama miaka 320,000 walipata vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Jiwe hilo halipatikani Olorgesailie. Lilitoka kilomita 25 hadi 95 mbali. Maana yake, watu wa wakati huo walikuwa wakisafiri katika bonde hili, au wakibadilishana vitu na wenzao wa mbali. Kutembea Kajiado ni desturi kongwe kuliko makabila yetu yote.

Olorgesailie kuna uwanja wa kupiga hema na vibanda vya kawaida vya kulala. Kwa familia inayopiga kambi mara ya kwanza, hapo ndipo ningeanzia. Ni karibu, ni patulivu, na usiku nyota ni nyingi kuliko mlizowahi kuona Kitengela. Bebeni maji na chakula chenu chote. Mlima Olorgesailie uko jirani, na anayetaka kuupanda aondoke alfajiri akiwa na kiongozi wa hapo.

Sehemu ya nne ni Ziwa Magadi, mwisho wa barabara hiyo. Kutoka Lamwia hadi ziwani unashuka zaidi ya mita 1,800, kwa hivyo msishangae joto. Ni ziwa la magadi, na magadi hayo yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Reli ya kuyasafirisha ilijengwa kabla na mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wageni huenda kuona flamingo na chemchemi za maji moto upande wa kusini. Chukua kiongozi wa Magadi, hata kama una ramani ya simu. Ganda la magadi linaonekana gumu kama saruji, lakini gari likizama humo kulitoa ni kazi ya siku nzima kwenye jua kali. Na maji ya moto yasikaribiwe na watoto kabla mwenyeji hajaonyesha palipo salama.

Sehemu ya tano ni mlima wa Namanga, Ol Doinyo Orok, yaani mlima mweusi. Una zaidi ya mita 2,500 na unaanza kupanda pale mjini mpakani. Chini ni vichaka vya miiba, juu ni msitu wenye ukungu, na vijito vinavyoshuka kutoka huko vinawanywesha watu na mifugo. Huu ni mlima mgumu. Unahitaji siku nzima, miguu iliyozoea, na kiongozi wa Namanga, kwa sababu njia hupotea kichakani. Tena kwa Wamaasai ni mlima mtakatifu, mahali pa maombi na sherehe. Mgeni auliza kwanza, na akiambiwa leo hapana, arudi siku nyingine. Hatungependa watu wapige muziki ndani ya kanisa au msikiti wetu.

Sehemu ya sita ni Amboseli, ambayo ulimwengu wote unaijua. Ilitangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1974, ina kilomita mraba 392, na mwaka 1991 UNESCO iliiweka katika orodha yake ya maeneo hai ya dunia yenye hifadhi. Ndovu wake wamefuatiliwa na watafiti tangu 1972, na familia zao zinajulikana kizazi kwa kizazi. Asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, Kilimanjaro huonekana wazi na theluji yake, mita 5,895. Mlima wenyewe uko Tanzania, lakini uso wake mzuri, watu wa Oloitoktok watawaambia, umetazama huku.

Kutoka Kitengela kuna njia mbili. Moja ni kupitia Namanga, ambako baada ya mji barabara ni ya vumbi na mawe. Ya pili ni kutoka Athi River kwa barabara ya Mombasa hadi Emali, kisha kulia kwa lami hadi Kimana. Ndani ya mbuga unabaki kwenye gari, isipokuwa kilima cha Noomotio, ambako unapanda kwa miguu na kuona vinamasi vyote kutoka juu. Kuna mahali pa kupiga kambi ndani ya eneo hilo na pembezoni mwake. Kando kuna hifadhi ya Kimana, iliyoanzishwa na jamii mwaka 1996. Ndovu hupita hapo wakitoka Amboseli kuelekea Chyulu na Tsavo.

Hizo ndizo sehemu sita. Sasa mambo ya maandalizi, kwa ufupi.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, halipokei pesa taslimu langoni. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, kwa hivyo lipa ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho. Mwananchi hutozwa ada ndogo kuliko mgeni, lakini lazima aonyeshe kuwa ni mwananchi. Kwa sehemu nyingine, ulizeni ada kabla ya kuondoka, kwa maana hubadilika.

Maji: lita tatu kwa mtu mzima anayetembea siku nzima Ngong, na zaidi Magadi na Olorgesailie. Viatu viwe vimezoea mguu. Kiatu kipya kitakupa malengelenge kabla ya saa nne asubuhi. Mwachie mtu nyumbani ujumbe wa mnakokwenda na saa ya kurudi. Nambari za dharura ni 999 na 112, lakini kuna mabonde yasiyo na mtandao, na hapo ndipo ujumbe huo utawasaidia.

Wakati wa mvua msitembee wala msipige hema ndani ya korongo kavu. Mnamo Septemba 2019, katika mbuga ya Hell's Gate huko Nakuru, maji ya ghafla yaliwasomba watembezi ndani ya korongo na wakafa. Mvua inaweza kunyesha milimani huku wewe uko kwenye jua, na maji yakufikie bila onyo. Makorongo ya Kajiado yako hivyo hivyo.

Moto uwashwe mahali palipotengwa tu, na uzimwe kwa maji hadi jivu lishikike kwa mkono. Takataka zirudi nanyi. Mfuko wa plastiki ukiachwa nyikani huliwa na ng'ombe wa mtu, na ng'ombe huyo hufa polepole na mwenyewe asijue kilichomuua.

Sasa lile jambo nililoahidi.

Wazee walio hapa wanakumbuka nyumbu wakijaa uwanda huu. Hawasimulii ngano. Watafiti waliohesabu kwa ndege walikadiria karibu nyumbu 30,000 katika uwanda wa Athi-Kaputiei mwaka 1978. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Nyumbu hawa hukaa mbugani wakati wa kiangazi na kutoka kuja kuzaa huku kwenye nyasi fupi mvua ikinyesha. Tulipoweka ua wa seng'enge, machimbo ya mawe, barabara na ploti za hamsini kwa mia, njia zao zilikatika.

Sitawalaumu waliouza. Familia ya wafugaji ikipoteza mifugo kwa ukame, na mtoto ameitwa sekondari, ardhi ndiyo akiba iliyobaki. Tena ndiyo iliyobeba hasara. Simba akitoka mbugani usiku, haingii kwenye fleti mjini. Anaingia kwenye boma. Ni kijana wa Kitengela, Richard Turere, aliyebuni taa zinazomulika kwa zamu kuzunguka zizi ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi, na mwaka 2013 alieleza ubunifu huo mbele ya jukwaa la TED huko Marekani. Alianza kwa sababu ng'ombe wa nyumbani kwao walikuwa wakiliwa.

Pamekuwa na juhudi za kusaidiana. Tangu mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kukodi ardhi hapa Kitengela. Familia ililipwa kwa kila ekari, nayo ikaahidi kutoweka ua, kutouza na kutochimba mawe, huku ikiendelea kuchunga. Malipo yalianza kwa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka, yakatolewa mara tatu kufuata mihula ya shule ili karo ilipwe. Pigeni hesabu: mwenye ekari 100 alipata dola 400 kwa mwaka. Zilisaidia. Lakini dalali wa ploti akija na bei yake, dola 400 ni hoja dhaifu.

Hapo ndipo mtembezi anapoingia. Mwenye ardhi ataiacha wazi ikiwa uwazi huo unamletea kitu. Ukimlipa kijana wa Namanga akuongoze, ukinunua maziwa na asali Olorgesailie, ukilala kwenye kambi ya jamii Kimana, unaongeza sababu ya kutoweka ua. Ukibeba kila kitu kutoka supamaketi ya Kitengela, ukapita kwenye malisho ya mtu bila salamu na kumwachia chupa tupu, unampa sababu ya kuweka ua. Ua huo utakufungia nje wewe, pamoja na nyumbu.

Kwa hivyo nina maombi manne. Kwanza, kila safari ajiriwe mwenyeji mmoja angalau, na alipwe walichokubaliana, bila kupunguziwa jioni. Pili, tusalimie na kuomba ruhusa kabla ya kupita kwenye boma au malisho, na lango tulilolikuta limefungwa tulifunge. Tatu, anayenunua ploti kusini mwa mto aulize ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti kama iko kwenye njia ya wanyama, na akijenga azungushie ua nyumba na zizi, aache malisho wazi. Nne, walimu na wazazi, kabla ya basi la shule kwenda mbali, lianze na Olorgesailie au Ngong. Mtoto wa Kitengela ambaye hajawahi kukanyaga uwanda wa Kitengela hatajua kuna kitu cha kutetea atakapopiga kura au atakaponunua shamba.

Jumamosi moja inatosha kuanza. Chagueni sehemu iliyo karibu, tafuteni majirani wawili watatu wa kwenda nao, na muondoke saa kumi na mbili asubuhi. Mkirudi, waambieni wengine mlichoona, na pia jina la mwenyeji aliyewaongoza, ili na wao wamtafute.